Tairi kwanza, rimu baadaye: tuliyojifunza tukiandaa Mark X ya drag

Gari lenyewe ni Toyota Mark X GRX130 ya lita 2.5. Linakaa Kisumu, linaenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, na mashindano ya drag (mbio fupi za kuondoka kwa kasi kwenye mstari mnyoofu) yakiitishwa Nakuru kwenye uwanja uliofungwa, linakimbia robo maili, yaani mita 402. Injini haikuguswa. Tulichotaka ni kitu kimoja: lishike lami taa inapogeuka kijani, badala ya kulia na kufuka moshi palepale lilipo. Kazi ilichukua miezi na pesa ililipwa mara mbili, kwa sababu mambo yalifanywa kinyumenyume. Rimu zilinunuliwa kwanza, tairi likatafutwa la kuzifaa, na difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, ikakumbukwa mwisho. Inauma kukaa na risiti za vitu usivyovitumia tena. Kwa hiyo hesabu zote ziko hapa.

Kabla ya tairi, fikiria hewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban 1,130. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana hewa inakuwa nyepesi na oksijeni inayoingia kwenye silinda inapungua. Mark X ya 2.5 iliyoandikwa farasi 203 huko kiwandani, Kisumu inabaki na kama 180, na Nakuru kama 165. Gari zenye tabo, kama Subaru WRX, Evo au Golf GTI, hazipotezi kiasi hicho kwa sababu tabo hujitahidi kuifidia hewa hiyo nyepesi. Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa: wanasoma ushauri wa Wamarekani wenye V8 ya farasi 500 karibu na usawa wa bahari, kisha wanaagiza tairi lilelile. Tairi likishika kuliko nguvu za injini, mizunguko inaanguka ghafla na gari linajikokota kama limebeba mahindi. Mshiko unaofaa ni ule unaoacha magurudumu yateleze kidogo sana mwanzoni, kisha yashike.

Halafu difu. Mark X nyingi zilizo barabarani kwetu zina difu ya kawaida, inayopeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko mdogo. Kupima ni rahisi. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa jeki, weka stendi, funga ya mbele kwa mawe, gia iwe nyutro, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Likizunguka upande uleule, ina kizuizi cha kuteleza. Ishara nyingine iko kwenye lami: mstari mmoja mweusi badala ya miwili. Sisi tulivalisha tairi la gharama kubwa kwenye difu ya kawaida, na upande mmoja ukawa unachoma mpira huku mwingine umetulia tuli. Ilibidi difu yenye kizuizi itafutwe baadaye. Ingetafutwa kwanza, huenda hata tairi la kawaida lililo zuri lingetosha kwa msimu wa kwanza.

Mwenye Subaru au gari lolote linalosukuma magurudumu manne asome hapa kwa makini. Usiweke tairi za drag nyuma peke yake. Subaru wenyewe wanataka mzingo wa tairi zote nne usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Ukizidisha, difu ya katikati inafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, inapata joto, na mwishowe inakufa. Ama nne za aina moja, saizi moja na uchakavu mmoja, ama uache.

Sasa kosa la rimu. Zilinunuliwa inchi 18 kwa 9J (upana wa inchi 9), ofseti +40 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wa kufungia), kwa sababu zilipendeza na muuzaji aliapa kwamba zinaingia. Zilizokuwepo zilikuwa 8J, ofseti +45. Hesabu ingefanywa kwenye karatasi dakika mbili tu. Rimu ikipanuka kwa inchi moja, inaongeza milimita 12.7 kila upande. Ofseti ikipungua kwa 5, gurudumu zima linasogea nje milimita 5. Kwa hiyo ukingo wa nje ulitoka milimita 17.7 zaidi, na wa ndani uliingia 7.7 zaidi. Gari likiwa tupu, hakuna kilichogusa. Watu watatu walipokaa nyuma na gari likavuka tuta, ukingo wa fenda ulichonga bega la tairi kama kisu kinavyomenya muhogo. Rimu hizo ziliuzwa kwa hasara.

Ndipo tukageuza mpangilio: tairi lichague rimu.

Aina za tairi ziko nne za kuzingatia. Kuna sliki kamili, laini bila mitaro, ambayo si ya barabara ya umma hata kidogo. Kuna radiali ya drag, ambayo nyuzi zake za ndani hukatiza tairi moja kwa moja, yenye mitaro michache na alama ya DOT, ya viwango vya barabara vya Marekani. Mfano ni Mickey Thompson ET Street au Nitto NT05R. Kuna semi-sliki kama Toyo R888R, iliyotengenezwa kwa ajili ya kona zaidi kuliko kuondoka. Na kuna tairi la kawaida la gari la kasi, kama Michelin Pilot Sport 4S. Namba ya kuangalia ubavuni ni ile ya uchakavu iliyoandikwa karibu na neno TREADWEAR. Pilot Sport 4S ni 300, R888R ni 100, na radiali nyingi za drag ni 00. Namba ikishuka, mpira ni laini, unashika zaidi na unaisha upesi. Tairi la 00 ukilitumia kila siku kati ya mtaa wa Kondele na mjini Kisumu, litakuishia kabla hujazoea kulitazama.

Kwa gari la injini kama hii, ukweli ni kwamba Pilot Sport 4S mpya pamoja na difu nzuri ni chaguo la heshima. Radiali ya drag inaanza kulipa pale ambapo tairi la kawaida linateleza hata ukiondoka taratibu. Mark X ya 3.5, yenye farasi 318 kiwandani, hufika hapo haraka. Ya 2.5 hufika ikiwa difu ni nzuri na dereva anajua kuondoka. Tuliamua kuchukua radiali ya drag kwa siku ya mashindano tu, na tairi za kawaida kwa siku nyingine zote.

Saizi. Tairi la inchi 18 la gari hili ni 235/45R18: upana kwa milimita, urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na rimu kwa inchi. Ubavu wake ni 235 mara 0.45, yaani milimita 106 hivi, na kipenyo kizima ni milimita 669. Kwenye drag ubavu mrefu ni mali: unajikunja gari linapoondoka, unapokea mshtuko, na unaacha mpira mwingi zaidi ukae chini. Ndiyo maana watu wa drag hupunguza rimu badala ya kuiongeza. Tairi la 255/50R16 lina ubavu wa milimita 127.5 na kipenyo cha 661. Tofauti na la awali ni kama asilimia 1 tu, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana. 245/45R17 ina kipenyo cha 652, pungufu kwa asilimia 2.5, hiyo inafupisha gia kidogo, jambo linalosaidia kuondoka, ila ubavu wake ni 110 tu, karibu sawa na wa 18. Tulichagua 255/50R16. Tairi hilo linakubali rimu ya 7J hadi 9J. 8J ndiyo iliyotutoshea, na kwa kuwa upana ulikuwa sawa na wa rimu ya awali, ofseti ya +45 ilibaki ileile. Tairi pekee ndilo lililopanuka, milimita 10 kila upande.

Je, inchi 16 inapita breki? GRX130 ya ngazi ya chini hutoka kiwandani na 215/60R16, hivyo kwa 2.5 kuna matumaini. Lakini usinunue kwa matumaini. Umbo la ndani la rimu hutofautiana, na spoku iliyoinama ndani inaweza kugusa kalipa (kibanio cha breki) hata kama duara linapita. Kata kipande cha kadibodi kwa umbo la kalipa, ukipima kutoka uso wa habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu) kwenda nje na kutoka katikati ya habu kwenda juu, kisha kiingize ndani ya rimu kabla ya kulipa. Acha angalau milimita 3 kati ya kalipa na rimu. Kwa upande wa fenda na shoki, bandika vipande vya plastisini ya watoto sehemu zinazokaribiana na tairi, shusha gari, pakia watu nyuma, pita tuta polepole, kisha angalia. Plastisini iliyobonyea inakuonyesha hasa ni wapi na ni kwa kiasi gani.

Vipimo vingine vya rimu havina mjadala. Mark X ni nati tano kwenye duara la milimita 114.3 (5x114.3), na tundu la katikati milimita 60.1. Subaru za zamani ni 5x100, na tundu lao ni 56.1. Rimu nyingi za kununua huwa na tundu la 73.1 ili ziingie gari zote, na hapo unahitaji pete za habu za kujaza nafasi kutoka 73.1 hadi 60.1. Tulizipuuza. Kwenye kilomita 90 kwa saa usukani ukaanza kutetemeka, gurudumu likabalansiwa mara tatu, na kila mara mashine ilisema liko sawa. Lilikuwa sawa kweli, ila halikukaa katikati ya habu. Pete mbili ndogo za plastiki zilimaliza jambo.

Rimu za mitumba kutoka Japani ni nyingi na baadhi ni nzuri sana. Tafuta alama ya JWL au VIA, za viwango vya rimu vya Japani, iliyochongwa kwenye chuma. Izungushe kwenye mashine ya kubalansi bila tairi ukitazama kingo zote mbili, wa ndani zaidi, maana ndio hupigwa na mashimo bila mtu kuona. Pitisha kidole ndani ya duara: ukihisi uvimbe wa welding chini ya rangi, iache. Rimu iliyoungwa haifai kupokea mshtuko wa kuondoka.

Nati zina hila yake. Baadhi ya rimu za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali rimu za kununua karibu zote zinataka nati za koni ya nyuzi 60. Ukifunga bapa kwenye koni, nati inagusa kwa ukingo mwembamba tu, inalegea, na gurudumu linatoka. Stadi (vyuma vyenye uzi vinavyofungiwa nati) za Toyota hii ni M12x1.5, yaani unene wa milimita 12 na hatua ya uzi 1.5, na nati inapaswa kuingia kwa mkono angalau mizunguko 8 kamili. Ukiweka spesa nene (bamba la kusogeza gurudumu nje), mizunguko hiyo inapungua, kwa hiyo sisi hatukutumia spesa. Kaza kwa tokwenchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) hadi N·m 103, kwa mpangilio wa nyota, na ukaze tena baada ya kilomita 80 hadi 100.

Ununuzi wa tairi lenyewe. Radiali za drag mara nyingi huagizwa kutoka nje, na gharama inayoshtua ni usafiri. Ndege hutoza kwa ukubwa wa mzigo. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 66 na upana wa 26 ni sentimita za ujazo 113,256. Ukigawanya kwa 5,000 unapata kilo 22.6 za kulipia, hata kama kwenye mizani tairi ni kama kilo 12. Juu yake kuna ushuru wa forodha, ada za uagizaji na VAT ya asilimia 16, inayokokotolewa pamoja na usafiri. Piga hesabu hiyo kabla ya kushangilia bei ya dukani Marekani. Na mwombe muuzaji picha ya tarehe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira laini wa drag unakauka upesi kuliko wa kawaida. Hata ukiwa haujawahi kugusa lami, ukikaa miaka mingi unakuwa mgumu. Ukibonyeza kwa ukucha na alama isibaki hata kidogo, usinunue.

Kuvalisha kusifanywe kwa vyuma viwili na nyundo kando ya barabara. Ubavu wa radiali ya drag ni mwembamba, na nyuzi zikikatika ndani hutaona hadi tairi lipasuke. Tafuta mashine. Mwombe fundi apake sabuni kidogo tu, kisha gari lisikimbizwe hadi sabuni ikauke, maana tairi linaweza kuzunguka juu ya rimu. Chora mstari wa rangi nyeupe kutoka rimu hadi ubavu wa tairi. Baada ya kila mbio, sehemu mbili za mstari huo zikiachana, tairi limeteleza kwenye rimu na balansi imepotea. Vizito vya balansi vibandikwe upande wa ndani, na sehemu isafishwe kwa thina kwanza. Visipobandikwa vizuri hurushwa gari likiondoka.

Tairi jipya lina mafuta ya kiwandani usoni. Litembeze kilomita kadhaa za kawaida hadi lipate joto, kisha liache lipoe siku nzima. Mpira uliopata joto na kupumzika hivyo unadumu zaidi.

Safari ya Kisumu kwenda Nakuru inapita Kericho, na Kericho mvua ya alasiri ni ya kawaida. Radiali ya drag ina mitaro michache, haina pa kuyapeleka maji; kwenye kilomita 80 tu linaweza kupanda juu ya maji na usukani ukawa mwepesi mkononi. Kwa hiyo safiri kwa tairi za kawaida, na za drag zipande kiti cha nyuma juu ya gunia. Wapo wanaosafiri nazo zikiwa zimevaliwa ili kuokoa nusu saa ya jeki. Tafadhali usifanye hivyo.

Presha nayo inabadilika njiani. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Ukipanda kutoka Kisumu hadi Nakuru, tairi lilelile, kwenye joto lilelile, litasoma kama psi 1 zaidi. Lakini asubuhi ya Nakuru ni baridi, na tairi lenye psi 32 hushuka takriban psi 1 kwa kila nyuzi 6 au 7 za Selsiasi. Kwa hiyo kipimo cha Kisumu hakina maana ukifika. Pima upya uwanjani, kwa geji yako mwenyewe ya psi 0 hadi 30, si ile ya kituo cha mafuta.

Tulianza na psi 12, kwa sababu mtu alisema drag ni 12. Hiyo ni habari ya sliki zisizo za radiali. Gari liliyumba mkia kwenye mita 200, na hofu ile haielezeki. Radiali kwenye gari la kilo 1,500 ianze na psi 22, ishushwe moja moja, na usipite chini ya kiwango cha mtengenezaji. Kwetu ilitulia kwenye 18. Kila ukishusha, chora mstari wa chaki kukatiza uso wa tairi, tembea mita 20, uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo ni mwingi. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepunguza mno. Tulitaka ifutike yote kwa usawa, na ilipofutika hivyo, muda wa mita 18 za kwanza ulishuka papo hapo.

Kuchoma tairi kabla ya mbio, yaani kuyazungusha magurudumu gari likiwa limesimama, si kwa ajili ya moshi. Ni kusafisha vumbi, na Nakuru ina vumbi laini la majivu ya volkeno linalolala juu ya lami kama unga. Zunguka dimbwi la maji lililo kabla ya mstari wa kuondokea, usipite ndani yake, kwa sababu mitaro hubeba maji hadi chini ya fenda na yanadondoka mstarini. Zungusha sekunde mbili au tatu mpaka rangi ya mpira igeuke kutoka kijivu kuwa nyeusi inayong'aa kidogo, kisha acha. Ukizidisha, mafuta ya mpira hupanda juu na tairi linakuwa telezi.

Ukimaliza, rudisha psi 32 hata kama unatoka tu kwenda kuegesha. Tairi la psi 18 likikata kona linaweza kuvuka ukingo wa rimu. Nyumbani, zioshe kwa maji matupu, andika kushoto na kulia kwa chaki, zifunge kwenye mifuko myeusi ya plastiki na uzilaze mbali na jua, na mbali na pampu au mota ya umeme, maana ozoni inayotoka humo hupasua mpira.